Karani wa Bata wa Kaskazini

"Bata akipigwa risasi akaanguka baharini, nani anamfuata?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza mzee aliyenihoji, nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika orofa ya nne ya jengo kuukuu karibu na Mtaa wa Tom Mboya, cheti cha shahada kikiwa ndani ya bahasha ya kaki mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kueleza udhaifu wangu, uwezo wangu, na mahali ninapojiona baada ya miaka mitano. Bata sikuwa nimemtazamia. Nikasema pengine mbwa. Akatikisa kichwa. Nikasema pengine mawimbi yenyewe humleta. Akaandika kitu, akakifunika kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu, kisha akasema, "Utaanza Jumatatu."

Ofisi yenyewe ilikuwa ya aina ambayo siku hizi imejaa mjini: vijana wamevaa vipokea sauti, na kila meza inahudumia biashara ya mtu aliye ng'ambo. Meza ya dirishani ilipanga miadi ya daktari wa meno. Iliyofuata ilisikiliza malalamiko ya watu walionunua mazulia. Yetu, ya pembeni kabisa karibu na choo, ilikuwa ya nahodha mmoja anayeishi kwenye kisiwa cha kaskazini ya mbali huko Marekani, pwani isiyo na barabara ya kufika, ambaye kila msimu wa baridi huwapeleka wawindaji kwa mashua kuwinda bata wa baharini. Nahodha alikuwa na mashua na ujuzi wa maji yale. Sisi tulikuwa na simu. Aliyetaka kwenda alizungumza nasi kwanza, nasi tukampangia siku, vyumba, mavazi, na saa ya kuingia mashuani.

Yule mzee aliyenihoji wote walimwita Karani, hata bosi, kijana aliyelingana kwa umri na mwanawe wa mwisho. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, aliyekaa Nairobi miaka mingi kiasi cha kuijua kila ngazi ya kila jengo la mjini, na alikuwa amestaafu ukarani wa mizigo bandarini na katika viwanja vya ndege. Zaidi ya hapo hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza umri alikutajia mwaka tofauti na ule wa juma lililopita. Ndevu alizipaka hina kila mwezi, na mwezi ukichelewa alifunga skafu mpaka puani.

Skafu hiyo aliivaa hata Januari, jua la mjini likichoma paa la bati la jengo la jirani. Achieng', msichana wa meza ya meno, hakuweza kuivumilia.

"Karani, buda, hiyo skafu ni ya nini? Huku ni joto!"

"Huko kuna theluji, mwanangu."

"Huko wapi? Si uko hapa na sisi?"

"Mwili uko hapa," alisema, akaikaza skafu.

Hakuwa amewahi kuona theluji. Hakuwa amewahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Na bahari, aliyozaliwa kando yake, aliiogopa waziwazi. Kivuko cha Likoni alikivuka amefumba macho, na hilo alilisimulia mwenyewe bila haya. Lakini alijua maji ya kisiwa kile hupwa saa ngapi, ni mwamba upi una utelezi, na nyumba ya wageni ipi ina mwenyeji anayepika chumvi nyingi. Ukutani alibandika picha za bata, na kwa kuwa Kiswahili hakijawahi kuwahitaji ndege hao, aliwapa majina yeye. Mweusi tititi alikuwa bata makaa. Yule mwenye michirizi myeupe na kahawia kama mikono ya bibi harusi alikuwa bata maharusi. Mkubwa mwenye kichwa cha rangi nyingi, ambaye wateja husafiri nusu ya dunia wamwone mara moja tu, alikuwa bata sultani. Nahodha akipiga simu kusema leo maharusi wameonekana wengi, alitumia jina lao la Kiingereza, naye Karani alilitafsiri palepale na kuliandika kwa lugha yake.

Nilimpenda kabla sijamwelewa, jambo ambalo kwangu ni nadra. Mimi hupenda kuelewa kwanza. Chuoni nilisoma sosholojia na kutoka na tabia moja tu ya kudumu, ya kuuliza kwa nini. Karani aliniita Msomi, na hakulisema kama sifa.

"Msomi, umeshampigia yule wa Jumatano?"

"Nimemtumia barua pepe. Ameshajibu."

"Umempigia?"

"Amejibu kila kitu. Ameandika anajua kuogelea."

"Piga."

Nikapiga, yeye akisikiliza kwenye laini ya pili. Nikamuuliza mteja kama anajua kuogelea. Kukawa na kimya kidogo, kisha jamaa akacheka na kusema ndiyo, bila shaka. Karani akaandika kwenye karatasi kubwa: HAJUI. Baadaye nikamuuliza amejuaje.

"Amenyamaza kwanza. Mtu anayejua kuogelea hafikirii. Barua haijui kunyamaza, ndiyo maana nakuambia piga."

Nilisema huo si ushahidi. Akasema mimi nikatafute ushahidi, yeye atafute koti la kuelea. Mteja alipofika kisiwani Nahodha alimvalisha koti hilo tangu gatini, naye akakiri kwamba hajawahi kuogelea mahali maji yanapompita kiuno.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali la bata. Anayemfuata ni nahodha mwenyewe, kwa mashua. Wawindaji huwa wameachwa juu ya mwamba mdogo, wameinama nyuma ya mawe, na bata akianguka mashua huondoka kumfuata kabla mkondo haujamchukua. Kwa dakika hizo watu wamebaki katikati ya bahari ya barafu wakiwa na bunduki, magoti yao, na ukweli au uongo waliotuambia kwenye simu. Ndiyo maana Karani aliuliza uzito, dawa, magoti, nani apigiwe jambo likitokea. Uzito walidanganya wote. Yeye aliongeza kilo nane kwa kila mwanamume bila kumwambia. "Mimi mwenyewe nadanganya wangu," alisema.

Sikukubaliana naye kwa kila kitu, na mpaka leo kuna jambo moja hatujalimaliza. Kwetu uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, nami nilikulia Mountain View nikiamini kwamba mtu anayeua kiumbe ili akining'inize ukutani ana kasoro fulani. Karani kwa upande wake hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Sikukuu ikifika aligeukia ukuta mpaka aambiwe tayari.

"Sasa wewe unawezaje?" nilimuuliza. "Kuku wa kula unamhurumia, na bata wa pambo unampangia kifo chake na saa yake."

"Bata simpangii. Napanga watu warudi."

"Hilo ni jibu la karani."

"Na umemuuliza nani?"

Achieng' akapiga meza kwa kicheko. Mimi sikucheka. Siku iliyofuata, akiamini siangalii, aliongeza swali kwenye orodha anayowasomea wateja: nyama italiwa na nani? Hakunieleza kwa nini, na sikumwonyesha kwamba nimeona.

Alikuwa na kasoro za wazi pia. Akicheza drafti na mlinzi wa mlangoni alisogeza kete mlinzi anapoinuka kufungua geti. Maziwa ya ofisi aliyamaliza na kulaumu wa mazulia. Sifa hakumpa mtu. Kazi nzuri aliipokea kwa kusema "haya," na kazi mbaya aliipokea kwa neno hilohilo, ukabaki kusoma nyusi. Na ukimsalimia "sasa," alitazama saa ya ukutani na kukujibu, "Sasa ni saa tisa na robo," mpaka wote tukajifunza kusema shikamoo, hata wavulana wa mazulia waliokuja kazini na vipuli masikioni.

Lakini kitu kilichomfanya awe yeye kilikuwa kutembeza siku. Kabla safari yoyote haijathibitishwa kwa mteja, ilibidi itembezwe juu ya meza. Kopo la sukari lilikuwa kisiwa kikubwa. Glasi ya chai ilikuwa mwamba. Kiberiti kilikuwa mashua, mfuniko wa jamu ulikuwa jua, na abiria walikuwa njugu, alizonunua kila siku kwa mchuuzi wa pale chini, zimefungwa kwenye gazeti. Tulianza asubuhi. Ni saa ngapi? Maji yako wapi? Nani yuko mashuani, nani yuko mwambani? Kiberiti kikaenda na kurudi, saa baada ya saa, mpaka njugu zote zimerudi kwenye kopo. Hapo ndipo tulipozila. Abiria wakirudi wote, tunawala. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Ikiwa njugu moja imesahaulika mwambani, hakuna aliyekula, na tulianza upya.

Niliona ni mchezo wa watoto. Nilikuwa na jedwali kwenye kompyuta lenye rangi tatu, na jedwali langu lilifanya kwa dakika mbili kile ambacho njugu zilifanya kwa nusu saa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Haya."

Msimu huo tulikuwa tumewekwa kwenye mizani. Nahodha alikuwa ameharibikiwa na ofisi nyingine kabla yetu, iliyowauzia wateja wake safari zisizowezekana, na bosi alituambia sharti lake wazi: safari moja tu ya namna hiyo, na meza inafungwa. "Na hiyo meza ikifungwa, nyinyi wawili mnaenda home," alisema. "Sina meza ingine." Mimi nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Karani, kwa umri aliokuwa nao, umri wowote uliokuwa, asingeajiriwa tena na mtu.

Mwezi wa kumi shemeji yake akafariki Malindi, naye akaenda mazishini kwa siku nne. Siku ya pili walipiga simu wanaume wanane, marafiki wa zamani, wakiongozwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya zimamoto. Walitaka juma la mwisho la Desemba, wote pamoja, maana mmoja wao alikuwa anaanza matibabu mwezi wa kwanza na hawakujua mwaka ujao watakuwa wangapi. Mashua ya Nahodha huchukua wawindaji wanne. Nikafurahi, kwa sababu tatizo lilikuwa la aina ninayoipenda. Nikawagawa zamu mbili kila siku: wanne kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka adhuhuri, wanne kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Jedwali likakubali. Nahodha alikuwa baharini, mahali pasipo na mtandao. Nikatuma uthibitisho. Kabla ya siku kwisha wote wanane walikuwa wamenunua tiketi za ndege zisizorudishwa.

Karani alirudi Jumatatu, akaisoma karatasi amesimama, begi bado begani. Alivuta kopo la sukari, akapanga njugu nane, akanipa mfuniko wa jamu.

"Wewe shika jua."

"Karani, nilishatuma."

"Shika jua. Saa kumi na mbili asubuhi, juma la mwisho la Desemba. Liko wapi?"

Nikauinua mfuniko kidogo pembeni ya meza, kama linavyochomoza upande wa Eastleigh.

"Liko wapi?" akarudia.

Mkono wangu ukabaki hewani. Nilisoma jiografia mpaka kidato cha nne. Nilichora dunia imeinama, nikapata alama zote. Nilijua kabisa kwamba kaskazini, wakati wa baridi, mchana ni mfupi. Lakini mkono ulioandika zamu zile ulikuwa wa Nairobi, ambako jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu na kuzama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, tangu nizaliwe. Na saa zetu zilinidanganya zaidi: majira ya baridi kisiwa kile na sisi tunatofautiana saa kumi na mbili kamili, kiasi kwamba saa moja ya ukutani ilitutosha pande zote mbili. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hata jua ni lilelile. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwa nimeliuliza jua.

Huko, juma lile, linachomoza karibu saa nne asubuhi. Karibu saa kumi alasiri limezama, na sheria hairuhusu mtu kuwinda gizani. Nilikuwa nimewauzia watu wanane mchana usiokuwepo.

"Nimetufukuzisha kazi," nilisema.

"Bado. Nahodha anarudi Jumatano." Aliketi hatimaye, begi bado begani. "Zamu mbili haziwezekani. Wanne leo, wanne kesho. Siku tatu kwa kila mtu badala ya sita. Wakikubali wote, tunampelekea Nahodha safari inayowezekana na kumwambia tulivyokosea. Akikataa hata mmoja, kundi linavunjika, basi."

"Nitawaandikia sasa hivi."

"Utawapigia. Kesho."

"Kwa nini kesho? Tunapoteza muda."

"Kwa sababu leo utalia, na wao watakubembeleza, na kazi haitafanyika. Nenda nyumbani, Msomi."

Nikaenda, nimeudhika. Yeye alibaki.

Jumanne nilimkuta sauti imekauka, anakunywa chai ya tangawizi na kuilaumu hewa ya Malindi. Alinipa masharti mawili. "Useme umekosea kabla dakika moja haijaisha. Na usiseme mfumo. Mfumo ni wewe." Kisha akakaa kando yangu, akapanga njugu nane, na kila niliyempigia alisogeza njugu yake karibu na kopo.

Wa kwanza alikuwa yule wa zimamoto. Nilimwambia kwamba zamu mbili za kila siku haziwezekani, kwamba mimi ndiye niliyeziandika, kwamba ninapoishi mchana haufupiki na niliandika kana kwamba na kwao haufupiki. Nikaeleza siku tatu badala ya sita. Nilimsikia akivuta pumzi. "Endelea, binti, sina haraka," alisema. Nikamaliza. Akakubali. Wa pili alikubali. Wa tatu alicheka kidogo, akaniuliza Nairobi jua linazama saa ngapi hasa, nikamwambia, akasema ni raha kuishi mahali kama hapo. Wa nne ndiye aliyekuwa anaanza matibabu. Alisema siku tatu zinamtosha kwa sababu magoti yake yanataka siku ya kupumzika katikati. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyeniita mjinga. Nilipomaliza wa nane nilikuwa nimeloa jasho, nami nikajiambia kwamba ukweli ukisemwa vizuri una nguvu yake, na kwamba labda nina kipaji cha simu.

"Umeona?" nilimwambia Karani.

"Haya," alisema.

Tukazila njugu. Kesho yake Nahodha alisikiliza, akatukana kwa dakika moja kwa sauti ya mtu anayetafuna changarawe, kisha akasema kundi la wanane waliokubali siku tatu hajawahi kuliona maishani mwake, tulilete. Meza haikufungwa. Tangu siku hiyo hakuna safari niliyoituma bila kuitembeza, na sasa jedwali langu lina safu ya jua.

Karani alifanya kazi misimu miwili zaidi, kisha akaacha. Alisema mgongo. Mwaka uliopita nilimtembelea Woodley, kwenye nyumba zile za zamani za kaunti, nikamkuta barazani akigombana na mleta maji juu ya mtungi uliopasuka. Mgomvi wake alikuwa anapaza sauti kuliko ilivyohitajika, na baada ya muda nikaelewa kwa nini. Masikio yalikuwa yamemwishia. Kifaa cha kusikilizia alichonunuliwa na bintiye kilikuwa kwenye bakuli la funguo. Alisema kinapiga mbinja. Ndevu zilikuwa zimepakwa hina vizuri.

"Shikamoo, Karani!"

"Marahaba. Usinipigie kelele, mimi si kiziwi. Umekuja na nani?"

"Peke yangu!"

"Mkewe nani?"

Nilimwandikia kwenye daftari kwamba sasa meza ni yangu, na kwamba ninafundisha wasichana wawili. Akasoma, akauliza kama wanapiga simu au wanaandika barua pepe. Nikaandika: wanapiga. Akaipokea habari hiyo kwa nyusi zote mbili. Kisha nikaliweka kando daftari, kwa sababu nilichotaka kusema sikutaka kukiandika, nikamwambia kwa mdomo, taratibu, kwamba ile siku ya watu wanane aliniokoa kwa kuniacha niseme mwenyewe, na kwamba hapo ndipo nilipojua ninaweza kazi.

Alinitazama midomo muda mrefu.

"Sukari imetosha?" akauliza, akionyesha kikombe cha chai alichonimiminia.

Sikujua kama hakusikia au hakutaka. Nikanywa ile chai. Ilikuwa tamu isiyovumilika.

Mwezi uliopita yule mzee wa zimamoto alipiga simu kupanga safari nyingine. Wamebaki saba. Tulipomaliza magoti na dawa aliniuliza habari za yule mzee mwenye sauti nzito, aliyempigia jioni moja kabla yangu.

Nilimwambia hakuna aliyempigia kabla yangu.

Halafu akasema, pole, alidhani nilikwisha kuambiwa. Karani alimpigia Jumatatu ile, akamweleza kosa lote na zile siku tatu, akamwomba mambo mawili: akubali, na kesho binti akipiga amwache aseme mpaka mwisho, kana kwamba ni mara ya kwanza analisikia. Yeye alidhani ameombwa peke yake, mpaka walipokutana kisiwani mwezi wa Desemba na kusimuliana. Karani alikuwa amezungumza na kila mmoja wao. Mmoja alimkatalia mara mbili, naye akampigia mara ya tatu.

Jumanne ile, nilipoinua simu ya kwanza, wote wanane walikuwa wamekwisha kukubali.